Nani alituambia mwiko ni wa waliofeli?

Januari 2026 Grade 10 wa kwanza kabisa waliingia senior school. Kwenye masomo ya njia ya STEM kuna Building Construction, kuna Woodwork, kuna Metalwork, kuna Electricity. Sasa mtoto anarudi nyumbani anasema anataka Building Construction, na mzazi anamjibu kitu ambacho nimekisikia hapa Voi kutoka kwa watu ambao hata hawajuani: "Yaani niuze mbuzi nilipe karo, halafu ukajifunze kubeba mchanga?"

Mitandaoni watu wanamcheka mzazi wa aina hii. Wanasema amebaki nyuma, wanamtumia video ya fundi bomba wa Ujerumani mwenye gari kali. Mimi simcheki. Hilo swali ni la zamani kuliko yeye, lina karibu miaka mia moja, na watu walioliuliza kwanza walikuwa na sababu nzuri sana. Ukitaka kumshawishi mzazi wako, anza kwa kujua alilitoa wapi. Na kipande kikubwa cha hiyo historia kimepita hapa hapa Taita Taveta.

Twende Tsavo, 1898.

Simba wa Tsavo unawajua, sinema umeona. Lakini yule injinia aliyekuwa akisimamia daraja, John Henry Patterson, aliandika kisa kingine kwenye kitabu chake, na mimi nakipenda hicho kuliko cha simba. Daraja la mto Tsavo lilihitaji mawe ya kuchongwa. Waashi waliletwa kwa meli kutoka India. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, kibarua wa kawaida rupia 12. Patterson alipoanza kuangalia kazi akagundua kuwa wengi waliojiandikisha kama waashi hawajawahi kuchonga jiwe maishani mwao. Walikuwa vibarua walioona tofauti ya hizo rupia wakasema liwalo na liwe. Akabadilisha malipo, kila mtu alipwe kulingana na kazi aliyoitoa. Wale bandia wakakasirika hadi wakapanga kumuulia kule machimboni, na ilibaki kidogo tu.

Kwa hivyo mafundi feki wa mjengo walikuwa huku kabla Voi haijawa mji wa maana. Hiyo ya kwanza.

Ya pili ndiyo inayonikera. Reli ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Ilileta karibu wafanyakazi 32,000 kutoka India, miongoni mwao waashi, maseremala, wahunzi. Ufundi ulishikwa na wageni hao, mchoro ukashikwa na Mzungu, na Mwafrika aliyeingia kwenye hiyo kazi aliingia kama mbebaji. Sasa keti ufikirie: hii ni pwani ambayo watu walikuwa wakijenga nyumba za mawe mamia ya miaka kabla ya reli. Lamu, Mombasa, Gede kule Watamu, Kilwa. Walichoma chokaa, walichonga matumbawe, walitengeneza milango ambayo leo watalii wanaipiga picha. Kulikuwa na fundi na kulikuwa na mwanagenzi wake, na mwanagenzi alikaa na fundi miaka hadi fundi aseme sasa umeiva. Neno lenyewe "fundi" ni ndugu wa "kufunda" na "mwanafunzi". Ufundi haukuja na gari la moshi.

Kilichokuja na hao wageni ni mpangilio wa nani anaruhusiwa kuwa fundi wa kiwango gani. Na hapo ndipo shule inapoingia.

Missioni walikuwa wametangulia. Johannes Rebmann alipita Taita mwaka wa 1848 akielekea kuona Kilimanjaro. Mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, upande wa bara wa Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye utumwa. Ile kengele bado ipo, ndiyo sababu mahali panaitwa Kengeleni. Mwaka wa 1883 CMS wakapanda Sagalla, huo mlima unaouona ukiwa stendi ya Voi. Mwaka wa 1892 Wakatoliki wakafika Bura. Kila missioni ilihitaji kanisa, nyumba, viti, madirisha. Kwa hivyo kijana alifundishwa kusoma, na akafundishwa randa na mwiko pia. Sioni ubaya mkubwa hapo. Kijana wa missioni aliyejua kusoma na kujua useremala alikuwa mtu, aliheshimiwa, alipata kazi.

Ubaya ulianza pale serikali ya kikoloni ilipokaa chini kuamua Mwafrika asome nini. Mwaka wa 1909 profesa mmoja, Nelson Fraser, aliwaandikia ripoti: Waafrika wapewe mafunzo ya kazi za mikono, na shule zigawanywe kwa rangi. Idara ya elimu ikaundwa 1911. Serikali ikaanza kuwapa missioni pesa kwa kufundisha ufundi. Elewa hesabu yao. Wazungu wenye mashamba walikuwa wanamtegemea fundi wa Kihindi na waliona ni ghali. Walitaka fundi wa bei rahisi. Mwafrika afundishwe ya kutosha kupiga msumari, isizidi hapo.

Halafu ukaja mwaka wa 1924, na huu nataka tukae nao kidogo.

Mwaka huo vitu viwili vilitokea. Kabete ikafunguliwa Native Industrial Training Depot, mahali pa kufunza vijana wa Kiafrika uashi, useremala na uhunzi. Ndiyo leo Kabete National Polytechnic. Na mwaka huo huo Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ikazunguka Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Waafrika. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na ndani ya hiyo tume alikuwepo Mwafrika mmoja tu, James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana.

Wale wa Wundanyi mmeshaniona ninakoenda. Ndiyo. Dr. Aggrey High School. Kuna watu wamevaa ile sweta miaka minne bila kuuliza Aggrey ni nani. Aggrey alikuwa msomi na mzungumzaji hatari, anayekumbukwa kwa ule mfano wa kinanda: ukipiga vitufe vyeupe peke yake au vyeusi peke yake utapata wimbo, lakini muziki mtamu unahitaji vyote viwili. Alikufa 1927. Watu wa huku walimheshimu hadi wakaipa shule jina lake.

Lakini tume aliyokuja nayo ilipendekeza kitu gani? Ilipendekeza elimu "inayofaa mazingira" ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi mwepesi wa kijijini. Mfano wao ulikuwa shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, Hampton na Tuskegee. Kwa maneno mengine, shule ya sekondari ya Taita yenye jina la mtu wa heshima kubwa imebeba jina la mtu ambaye tume yake, kama ingefuatwa neno kwa neno, isingewapa Waafrika wengi shule ya sekondari. Sisemi hivi kumvunjia heshima. Alikuwa mtu mmoja mweusi ndani ya chumba cha Wazungu mwaka wa 1924, na nani anajua alimeza mangapi. Nasema tu historia ya huku ina vichekesho vyake.

Tuskegee yenyewe inastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu Wazungu wa Kenya waliinakili nusu. Booker T. Washington aliianzisha 1881 huko Alabama bila majengo ya maana. Wanafunzi wakaambiwa watajenga wenyewe. Walihitaji matofali, wakajenga tanuri, la kwanza likaharibika. La pili likaharibika. La tatu likaharibika. Washington akaiweka rehani saa yake akapata dola 15 za kujaribu la nne, na la nne likakubali. Baadaye walikuwa wakiuza matofali kwa Wazungu wa jirani. Na aliyechora majengo mengi ya hiyo shule alikuwa Robert Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, mwaka wa 1892, akaja kufundisha Tuskegee. Kwa hivyo kijana aliyekuwa akipanga tofali aliinua macho akamwona mtu wa rangi yake ameshika mchoro. Aliona ngazi inaenda juu.

Hata hivyo wapo weusi wa Marekani waliompinga Washington vikali, W.E.B. Du Bois mbele yao. Hoja yake ukiifupisha: ukiwafundisha watu wetu kazi za mikono peke yake, utawafanya wafanyakazi wazuri wa watu wengine milele.

Kabete ilichukua tofali ikamwacha Taylor. Vijana waliingia kwa mkataba wa uanagenzi, wakafunzwa, wakatumika kwenye ujenzi, na juu yao kulikuwa na dari. Ungekuwa mwashi mzuri kuliko wote Kenya, bado usingekuwa mchoraji wa ramani wala injinia, na mshahara wako ulikuwa umepangwa kwa rangi yako kabla hujashika mwiko. Wakati huo huo kijana aliyepata kusoma Kiingereza na hesabu akawa karani, akavaa viatu, akakaa kivulini, akalipwa kuliko wewe.

Sasa wewe ni mzazi wa Kitaita mwaka wa 1930. Mtoto wako mmoja ndiye mwenye akili. Ungempeleka wapi?

Unaona kwa nini simcheki yule mzazi? Waafrika wa nchi hii walipokataa elimu ya ufundi walikuwa wamesoma mchezo vizuri sana. Walijua anayewapa randa ndiye anayewanyima Algebra. Waliidai sekondari ya masomo kama walivyodai ardhi, na baadaye uhuru. Mwaka wa 1965 mtafiti mmoja, Philip Foster, aliandika jambo hilo hilo kuhusu Ghana. Alisema tuache kudhani wanafunzi wanakataa ufundi kwa kiburi. Wanaangalia mshahara uko wapi, na mshahara uko ofisini, kwa hivyo kwao hiyo shule ya vitabu ndiyo shule ya kazi. Hoja yake ina umri wa babu yangu na bado haijapata jibu zuri kutoka serikali yoyote ya Kenya.

Uhuru ukaja, na ofisi zikafunguka kweli. Wazungu waliondoka, viti vikabaki. Miaka michache tu ya mwanzo, mtu wa Form Four alikuwa na uhakika wa kazi. Hiyo picha ilikaa kichwani mwa taifa na haijatoka hadi leo, ingawa viti vilijaa upesi sana. Mwaka wa 1966 makanisa, kupitia NCCK, yalitoa ripoti yenye jina ambalo lingeweza kuwa la posti ya leo: After School What? Waliona maelfu ya watoto wanamaliza shule ya msingi na hakuna pa kwenda. Jibu lao likawa village polytechnic. Kibanda kijijini, fundi wa hapo hapo, vifaa vichache, na kijana anajifunza kitu ambacho kijiji kinakihitaji. Serikali ikaingia kusaidia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka hiyo hiyo wimbi la harambee likazaa taasisi za teknolojia kila mkoa, watu wakichanga mifugo na pesa. Kimathi kule Nyeri, Ramogi kule Kisumu, na ya Pwani, Coast Institute of Technology, ikawa hapa Voi. Ukipita Voi leo unapita chuo ambacho watu walikitamani kabla wazazi wetu hawajaoana.

Lakini angalia lile tundu lililoachwa. Polytechnic ya kijiji ilikuwa ya mtoto ambaye hakupata sekondari. Kwa hivyo ufundi ukapata jina jipya. Wakati wa mkoloni ulikuwa wa Mwafrika. Baada ya uhuru ukawa wa aliyefeli.

Zilikuwepo shule chache za sekondari za ufundi, na nazihesabu kama kitu bora tulichowahi kuwa nacho kwenye jambo hili. Kijana alisoma Hesabu, Physics, Kiingereza, na akasoma uashi ama umeme ama mashine, chini ya paa moja. Akitaka kuendelea na uinjinia, njia ipo. Akitaka kuingia kazini, mkono unajua kitu. Tulizifanya nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980 tukazigeuza zote kuwa taasisi za baada ya Form Four. Kabete ilikuwa mojawapo.

Na tulifanya hivyo wakati ambao, kwa maneno, nchi nzima ilikuwa inaimba ufundi. 8-4-4 ilianza 1985, ikitokana na tume ya Mackay ya 1981, na sababu yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo: mtoto akitoka shule ajue kufanya kitu. Shule za msingi zikapata Art and Craft na Home Science. Sekondari zikapata Woodwork, Metalwork, Power Mechanics, Electricity, Drawing and Design, Building Construction. Muulize mzazi wako kuhusu zile karakana. Wazazi waliambiwa wazijenge kwa harambee. Wengine walijenga, na hadi leo kuna shule zina jengo linaitwa workshop ambalo ndani yake ni viti vilivyovunjika na maguni ya mahindi. Vifaa havikuja. Walimu wa kutosha hawakuja. Mama yangu mdogo aliniambia walichora msumeno kwenye daftari, wakaandika majina ya sehemu zake, wakafanyia mtihani, wakapita. Msumeno wenyewe aliushika akiwa mtu mzima, akikata tawi la mwembe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ukapunguzwa kwa sababu watoto walikuwa wanabeba mzigo mkubwa, KCPE ikabaki mitihani mitano, na ufundi ndio ulikuwa wa kwanza kutupwa. Kwenye KCSE, Building Construction ilibaki kama somo nambari 446, ikifanywa na shule za kuhesabika. Wengi wenu mmemaliza Form Four bila kujua ipo.

Ndiyo maana hii ya sasa ni muhimu, na ndiyo maana nina wasiwasi nayo.

Acha nieleze kwa nini mimi naona somo hili lina thamani, nje ya ile hadithi ya "kujiajiri" ambayo kila mwanasiasa anaitoa akikosa la kusema. Nina binamu yangu ambaye ni mtu wa mkono kwenye mjengo hapa Voi. Kwa wasiojua, mtu wa mkono ndiye anayebeba, anayekoroga, anayepitisha bloki. Fundi analipwa karibu mara mbili yake. Kutoka Tsavo ya 1898, ambapo ilikuwa karibu mara nne, tumeshuka kidogo, lakini ngazi ni ile ile. Binamu yangu ana C ya Hesabu. Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta amesimama akimtazama fundi akipiga pembe ya msingi. Fundi alikuwa na kamba. Akapima futi tatu upande mmoja, futi nne upande wa pili, akavuta kamba katikati hadi ikasoma tano. Pembe imekaa mraba. Binamu akanigeukia akasema, "Hii si ile Pythagoras?" Miaka minne alifundishwa hiyo kitu, akaifanyia mtihani, na hakuna mtu aliwahi kumwambia ni ya kupiga pembe ya nyumba. Na fundi, ambaye anaitumia kila wiki, hakujua ina jina.

Hapo ndipo thamani ilipo. Hawa wawili wanajua nusu nusu ya kitu kimoja, na shule ndiyo iliyowatenganisha.

Chukua zege. Huku Voi jua linachoma, na simiti haikauki kama nguo, inahitaji maji ili ishike. Slabu iliyomwagwa asubuhi na kuachwa hivyo bila kumwagiliwa inapoteza maji kabla haijapata nguvu. Unatakiwa uiweke na unyevu angalau siku saba, na nguvu yake inapimwa ikifika siku 28. Sasa unganisha na shida yetu ya maji. Mzima Springs iko kwenye kaunti yetu, bomba linateremsha maji hadi Mombasa, na sisi tunanunua kwa mtungi. Fundi anayejua anabishana na mwenye nyumba kuhusu gharama ya maji ya kumwagilia. Fundi asiyejua anasema "imekauka, tupande". Halafu kuna maji ya visima, mengi huku yana chumvi, na chumvi ndani ya zege inakula vyuma polepole. Hutaiona mwaka wa kwanza. Utaiona siku kipande cha dari kitakapoanguka juu ya kitanda. Hiyo ni Chemistry ya Form Two, na iko juu ya vichwa vya watoto wanaolala.

Haya ni mambo ya kijana wa miaka 15 kufundishwa hata kama ataishia kuwa wakili. Utajenga siku moja, ama utapanga nyumba, ama utakuwa ofisa wa kaunti unayeidhinisha michoro. Wakati SGR inajengwa, kati ya 2014 na 2017, nilikuwa shule ya msingi na nakumbuka vijana wa mtaa wakiamka alfajiri kwenda kusimama getini kutafuta kazi. Waliobahatika wengi walishika koleo. Nimejiuliza mara nyingi ni wangapi kati yao wangeingia na daraja la juu kama wangekuwa na karatasi ya Grade Test ya NITA mfukoni pamoja na ile ya KCSE. Reli mbili, miaka zaidi ya mia kati yao, na sisi getini tumeshika koleo.

Najua comment inakuja: wewe uliacha chuo, sasa unataka watoto wa wenzako wasisome. Hapana, bana. Soma tena. Kosa la 1924 lilikuwa kumpa mtu mwiko na kumfungia mlango wa mchoro. Mimi nataka vyote viwili kwenye darasa moja. Mtoto wa Building Construction abaki na Hesabu yake ngumu na Physics yake, na njia yake ya kwenda kusomea uinjinia ama usanifu majengo iwe wazi kama ya mwenzake wa Biology. Siku nitakayosikia shule imewapeleka Building Construction wale tu wenye alama za chini, nitajua tumerudi kwa Fraser na ripoti yake, safari hii tukiwa tumejiandikia wenyewe.

Kwa hivyo kama uko Grade 9 ama una mdogo wako huko, usiulize tu kama shule ina somo. Uliza karakana iko wapi na uingie uione. Hesabu miiko, hesabu pima maji, uliza mchanga na simiti vinanunuliwa na nani. Uliza mwalimu alisomea ujenzi ama amepewa somo kwa sababu ratiba yake ilikuwa na nafasi. Junior school tayari wanasoma Pre-Technical Studies, na ongea na mtoto yeyote wa Grade 8 atakuambia kama alishika kifaa ama alichora msumeno.

Na kuna jambo moja la huku kwetu ambalo halihitaji pesa nyingi. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti village polytechnics, zile ambazo sasa tunaita VTC. Shule za sekondari zikabaki kwa serikali kuu. Matokeo yake unaweza kupata VTC yenye karakana, vifaa na mwalimu wa uashi, na sekondari jirani yenye somo la Building Construction bila hata mwiko mmoja, na kati yao ni ua wa miti tu. Hakuna anayewaza kusema wanafunzi wavuke Jumatano mchana, kwa sababu mlinzi wa huku analipwa na Wundanyi... sorry, Mwatate, makao makuu yalihama, na mwalimu wa kule analipwa na TSC. Hiyo ni barua moja kati ya ofisi mbili. Hawa Grade 10 wanamaliza 2028, hawana muda wa kungoja tume nyingine.

Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kikitangazwa Voi, nitaenda na swali hilo moja limeandikwa kwenye karatasi. Anayetaka kuja anipate nje ya ukumbi saa mbili asubuhi, na aje na mzazi wake.